Masta Amesema Nini

Nimepiga picha nyingi maishani mwangu, na nyingi zilikuwa mbaya, sitaki kudanganya. Lakini picha ninayoiwaza kila wiki ni moja tu, na haipo. Niliipiga asubuhi moja kwenye stesheni ya reli ya upande wa Kibera, picha ya mama na mwanawe wakiagana, na kabla jua la siku hiyo halijatua ilikuwa imeshaharibika kwa sababu ya wivu wangu. Nasema wivu. Watu wa rika langu wakisimulia mambo yao hupenda kusema ni ujana, ni kutojua, ni shetani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na akili zangu timamu. Nilimwonea mwenzangu wivu mpaka chakula kikawa hakipiti, na bado ninamwonea. Ndiyo maana simu ilipoingia kuniambia kwamba Mzee Rajabu amefariki na arobaini yake itasomwa Makina, kitu cha kwanza nilichojiuliza hakikuwa ameugua nini. Nilijiuliza kama Saida atakuja, na akija atakuwa amevaa nini.

Mzee Rajabu ndiye aliyetufunza kazi, mimi na Saida. Alikuwa Mnubi wa Makina, ule mtaa wa Wanubi pale Kibera, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee kumsikia. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kisichokuwa mbali na msikiti: benchi, kioo cha kuchania nywele chenye ufa, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala mwenye miguu mitano, kwa sababu mchoraji alikosea akaona uvivu kufuta. Filamu tulizipeleka mjini kusafishwa. Lakini riziki ya Mzee haikuwa pale studio. Ilikuwa stesheni, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na barua ya stesheni masta ya kumruhusu kupiga picha abiria kwenye pletifomu. Wapiga picha wengine walikaa nje ya uzio wakiwaita watu kama wauza karanga. Sisi tuliingia na kamera begani, tukasalimu, tukafanya kazi. Hujui maana ya kuwa mtu mpaka uingie mahali ambapo wenzako wamezuiwa.

Na kanuni zilikuwepo, uzishike kabla hujaishika kamera. Huifungui zipu ya mfuko kabla hujamsalimu masta. Hupiti ule mstari mweupe wa ukingoni, hata mteja akikwambia rudi nyuma kidogo upate viatu. Huwashi flashi treni inapoingia, maana dereva akipofuka nukta moja ni roho za watu. Hupigi daraja, hupigi taa za ishara, hupigi askari, hupigi behewa la mafuta; unampanga mtu mgongo ukutani, na ukuta ndio uwe kitu pekee kilicho nyuma yake. Mtu anayelia hupigi mpaka aombe mwenyewe. Humwulizi abiria anakwenda wapi wala kwa nini, kwa sababu wengine wanakimbia waume. Na picha, Mzee alisema, si ya anayesafiri, ni ya anayebaki. Huyo ndiye utakayempelekea, kwa hivyo mwangalie vizuri yule anayekwenda, umpatie mwenzake. Kanuni ya mwisho ilikuwa yetu wenyewe. Kamera ilikuwa moja na filamu ilikuwa moja, mimi zamu ya asubuhi, Saida zamu ya jioni. Adhuhuri nikimkabidhi kamera, Mzee aliuliza maneno mawili yale yale kila siku: "Picha ngapi? Masta amesema nini?" Nami nilijibu mbele yao wote, kumi na mbili, au ishirini, na masta amesema hivi na hivi. Tulikabidhiana hivyo mwaka mzima, kwa sababu mwenye zamu ya jioni hakuwa na njia nyingine ya kujua yaliyotokea asubuhi.

Siku hizi nikipita pale nawaona vijana wamesimama katikati ya reli wakijipiga kwa simu, mmoja amekalia chuma kabisa, mwingine ameinua mguu. Askari anawaambia watoke, wanacheka, wanapiga na yeye. Ukija na kamera kubwa kama ya zamani ndipo utaulizwa barua. Mwezi uliopita nilimwambia msichana mmoja asiwashe flashi treni inakuja, akaniuliza kama anayemwuliza bibi yake, "Kwani shosho wewe ni wa reli?" Nikaendelea na njia yangu. Ningemwambia nini? Kwamba niliwahi kuwa na barua? Angeniuliza niliipataje.

Mimi nilitangulia kwa Mzee. Nilitoka mtaa wa Kawangware 46 kwa miguu kila alfajiri, zaidi ya saa nzima, na kwa miezi mingi nilifagia, nikakata picha za vitambulisho, nikabeba mfuko, kabla sijaruhusiwa kubonyeza chochote. Saida alikuja baadaye sana, akitoka nyumba ya tatu kutoka studio, ameoga, amekula, na wiki ya pili Mzee akampa kamera. Wiki ya pili. Nilijiambia ni kwa sababu ni Mnubi mwenzao. Halafu picha zake zikarudi kutoka mjini, Mzee akazipanga mezani kando ya zangu, na hata mtu aliyetoka shambani jana angeona tofauti. Watu wangu walisimama kama wamekamatwa. Watu wake walisimama kama mtu aliyekumbuka jambo zuri. Kamera ile ile, ukuta ule ule. Nilimwuliza hufanyaje, akasema, "Hata sijui, Rozi. Naongea nao tu." Nami nikaanza kuongea nao, wakazidi kukakamaa. Kuna mzee mmoja aliniambia, "Dada, piga tu, wacha mahubiri."

Wivu huanzia kwenye vitu vidogo, na mimi ninavikumbuka kimoja kimoja. Mkewe Mzee, Mama Zuhura, alikuwa akitupikia gurusa, ile mikate laini ya Kinubi inayomwagwa kwenye kikaango, na mchuzi wa nyama. Tulikula kwenye mkeka chumba cha ndani. Ule mkate wa kwanza, wenye ukingo uliokauka vizuri, siku zote ulimwendea Saida, na Saida siku zote aliukata katikati akanipa nusu. Nilitamani aule wote nipate sababu ya kumchukia. Kule stesheni wateja wa asubuhi walianza kuniuliza, "Yule mwingine anaingia saa ngapi?" Mama mmoja alinitazama, akatazama saa, akaamua kungoja. Angengoja masaa matano! Na huyo Saida mwenyewe alikuwa na kichwa kibovu, anasahau mfuniko wa lenzi, anasahau mwavuli, anasahau jina la mteja huku amemshika mkono, na watu wanamcheka kwa upendo. Mimi sikuwa nikisahau kitu, na hakuna aliyewahi kunicheka kwa upendo.

Mwaka huo macho ya Mzee yaliingiwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akishika picha karibu na pua. Mwisho wa mwaka barua ilikuwa iandikwe upya, na kila mtu alijua haitaandikwa tena kwa jina lake. Ingekuwa kwa jina la mmoja wetu, moja tu, kwa sababu stesheni haikutoa barua mbili. Nilisikia Mzee na mkewe wakizungumza nyuma ya pazia la yule swala. Mama Zuhura alisema, "Rozi ndiye wa kwanza, na anatoka mbali." Mzee akasema, "Najua anakotoka." Nilitafuna maneno hayo wiki nzima na sikupata ndani yake kitu cha kunishibisha. Kwangu barua ile ilikuwa ni maisha yote. Bila hiyo ningerudi nje ya uzio, au kufua nguo za watu.

Sasa niseme habari ya picha. Pale plotini kwetu Kawangware 46, kwenye vyumba vya kupanga, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Barasa, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Ukuta wenyewe ulikuwa bati, kwa hivyo nilijua hata wanapomaliza chumvi. Barasa alikuwa amepata kibarua cha kupakia mizigo Mombasa, mamake hataki. Jioni moja niliwasikia. Mama alisema, "Babako aliondoka hivyo hivyo." Barasa akasema, "Sasa nikae hapa nikupimie omena mpaka lini?" Wakarushiana maneno, yakapanda, mwishowe nikamsikia mama akisema, polepole, kama mtu anayeweka sahani chini, "Basi nenda. Na ukienda usirudi kwangu." Baada ya hapo hakukuwa na sauti. Asubuhi nikatoka kwenda kazini, nikawakuta mlangoni, kijana na begi lake, mama amevaa gauni la kanisani. Aliniambia, "Rozi, tunakuja na wewe stesheni. Nataka utupige moja." Wakanifuata nyuma njia nzima bila kusemezana. Barasa alikuwa ashuke mjini na treni ya asubuhi, anunue viatu, kisha apande ya jioni ya Mombasa.

Nilikuwa sijakula. Nilipomaliza kumsalimu masta na kufungua mfuko, nani anatokea kama si Saida, na haikuwa zamu yake. Mama Zuhura alimwambia kwamba nimepita bila kunywa chai, basi akaniletea chupa ya chai na gurusa mbili kwenye kitambaa. Wema, tena wa kweli. Na nusu ya pletifomu ikamgeukia. Mkata tiketi, wamama wa sukuma wiki, yule mzee wa mahubiri, wote wakawa wanamwita, naye anawamiminia chai yangu. Nikampanga Mama Barasa na mwanawe ukutani, bega kwa bega, nikawaambia waangalie kamera, nikabonyeza. Ilikuwa picha ya kumi na nne. Treni ikaingia, kijana akapanda, mama akarudi Kawangware peke yake.

Saida alipoondoka, stesheni masta aliniita ofisini. Alikuwa bwana mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, mtu wa haki, sina neno naye. Alisema, "Sikiliza. Leo saa kumi kuna behewa la wakubwa litasimama hapa, wanakagua njia. Kamera isionekane kabisa, hata mfukoni isionekane. Mwambie Saida." Nikasema sawa. Nimeshafika mlangoni akaongeza, kwa furaha, kama mtu anayempa mwenzake habari njema ya nyumbani, "Na umpe hongera. Mzee Rajabu amekuja jana, ameniambia niandike jina lake." Nilisema asante. Sijui nilikuwa namshukuru kwa nini. Nikatembea kando ya reli hadi Makina, na njia nzima nikawa nazungumza peke yangu, mpaka mama mmoja aliyetandaza nyanya zake akaniuliza kama niko salama.

Studio ilikuwa imejaa wanafunzi wa picha za vitambulisho, kelele mpaka huwezi kujisikia. Saida alikuwa amekata picha zao, mkasi mdomoni. Nikaweka kamera mezani. Mzee akainua uso na yale macho yake yenye ukungu, akauliza, "Picha ngapi?" Nikasema kumi na nne. "Masta amesema nini?" Nikasema, "Hajasema kitu. Yuko sawa." Saida alitoa mkasi mdomoni akauliza, "Ati?" Nikarudia, "Kumi na nne." Akatikisa kichwa, akavuta kamera kwake. Nia yangu ilikuwa afukuzwe tu. Nilimwona akifokewa mbele ya wakubwa, nikamwona masta akichana barua. Na hapa ndipo ninapojicheka kicheko kibaya, kwa sababu mimi ndiye nisiyesahau kitu: katika hesabu zangu zote sikukumbuka kwamba asubuhi yangu nzima ilikuwa imo ndani ya kamera ile. Kumi na nne nilizitamka kwa mdomo wangu mwenyewe mara mbili, na hazikunigonga kichwani.

Saa kumi na nusu mtu akaja mbio kutuita. Tulipofika na Mzee, nikiwa nimemshika mkono, Saida alikuwa amesimamishwa kando ya ofisi, behewa la wakubwa linang'aa pale mbele, na askari wa reli ameshaifungua kamera kwa nyuma. Akaivuta filamu yote nje, akaiinua juani, ndefu, inajikunja kama matumbo ya kuku, kisha akaidondosha chini. Hakumpiga Saida wala hakumtukana. Ilikuwa kanuni, na kila mtu pale aliijua kanuni. Ndipo nilipoiona ile filamu vumbini na nikazikumbuka kumi na nne zangu. Masta akatoka, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rozi, nilikwambia umwambie. Hukumwambia?" Nilikuwa na nafasi. Watu husema mambo hutokea ghafla, lakini mimi nilikuwa na muda wa kutosha hata wa kumeza mate. Nikasema, "Nilimwambia. Nilimwambia studio, Mzee akiwepo." Saida akanitazama. Sikuona hasira, niliona mtu anayetafuta kitu ndani ya kichwa chake. Akasema, "Kulikuwa na kelele sana. Labda aliniambia nikasahau." Mzee hakusema lolote. Masta akashusha pumzi, akasema basi, mwenye kamera mkononi ndiye mwenye kosa.

Barua iliandikwa kwa jina langu. Niliitumia miaka mingi, mpaka simu zilipotumaliza. Saida hakuruhusiwa tena kuvuka uzio, na baada ya muda akaacha kuja studio. Mzee aliendelea kunipa kamera, na adhuhuri aliendelea kuuliza, lakini tangu siku hiyo swali la pili aliliuliza mara mbili. "Masta amesema nini?" Nikijibu, anangoja kidogo, anauliza tena, "Masta amesema nini?" Hakuwahi kunieleza kwa nini na sikuwahi kumwuliza.

Mama Barasa alikuja mlangoni kwangu kuulizia picha yake. Nilimwambia filamu imeharibiwa na askari, Saida alikosea. Nilitaja jina la Saida haraka sana. Akasema si neno, Barasa akirudi watapiga nyingine. Miezi mitatu baadaye simu ikapigwa kwenye duka la barabarani: mzigo ulimwangukia bandarini. Walimzika kwao magharibi, na wewe unajua matanga ya kwetu yalivyo, jeneza bila picha ya marehemu juu yake watu wanaulizana tunazika nani. Hakukuwa na picha. Ya kitambulisho ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kikarudishwa serikalini kama kawaida. Mama Barasa alirudi Kawangware, akaendelea kuuza omena. Ukutani sikumsikia akilia. Nilimsikia akizungumza peke yake, akisema yale maneno yake ya jioni ile, yote, mpaka la mwisho. Nilivumilia wiki mbili, nikahamia plot nyingine mtaa wa pili, nikawa napita njia ndefu nisikutane naye.

Haya, arobaini. Nyumba ni ile ile, Makina, ila wamemwaga simiti na wameweka vigae. Wanawake tulikaa chumba cha ndani, kisomo kinasikika toka uani, harufu ya mchuzi ule ule. Saida aliingia na binti yake. Amezeeka vizuri, na hilo nalo liliniuma. Ana studio yake mtaa wa Ayany, watu wa harusi wanamngoja miezi, hivyo ndivyo nilivyosikia kwa waliokaa karibu nami kabla hata hajavua viatu. Aliponiona akapiga magoti pale pale mkekani, akanikumbatia kwa nguvu. "Rozi, mbona unapotea hivi?" Kisha akamwambia binti yake, "Huyu ni Shangazi Rozi. Yeye ndiye alikuwa makini. Mimi nilikuwa kichwa maji." Sahani ikaletwa, na gurusa juu yake, na mkono wake ukakata mkate katikati kabla hajaufikiria.

Tukala. Nikamwuliza anaondoka saa ngapi, kwa maana ya kutaka aondoke. Akasema, "Mapema. Napitia Kawangware kwa Mama Barasa kwanza." Nikauliza Mama Barasa gani, kama mjinga. Akasema, "Yule ambaye niliharibu picha ya mwanawe. Kwani huendi? Mimi huenda kila Krismasi, na siku nyingine nikiwa na gari. Nampelekea unga na sukari, nampiga picha moja, nakaa naye." Alisema hivyo akichovya mkate mchuzini. "Kuna vitu haviombewi msamaha mara moja vikaisha. Yule mama mwanzo hakunifungulia. Mwaka wa tatu akanifungulia. Sasa ananiita binti yake." Nikaurudisha mkate wangu sahanini. Na naomba mnielewe, kwa sababu nimeamua kusema kweli: hiyo haikuwa huruma. Nilimwonea wivu. Hata hatia yangu aliichukua, akaifanya vizuri kuliko mimi, kama alivyochukua kamera ile ile na ukuta ule ule. Miaka yote hiyo amelipia kosa langu, na malipo yake yakamletea mama, na mimi niliyebaki na kosa lenyewe sina mtu.

Nadhani ni hasira iliyonifungua mdomo. Nikamwambia, "Saida, masta aliniambia nikwambie. Sikukwambia." Hakuelewa. Nikarudia yote, behewa, hongera, barua, kumi na nne, kule studio na pale ofisini. Nilisema taratibu, wanawake wa pembeni wakageuka kusikiliza. Mkono wake ulibaki juu ya sahani. Mwishowe akasema, "Nimejichunguza kichwa changu miaka yote, Rozi. Binti yangu alipozaliwa nilikuwa naogopa nitamsahau mahali." Akanawa, akafuta mikono, akafunga mtandio, akasema, "Inuka. Utamwambia wewe, mimi siwezi."

Binti yake alitupeleka kwa gari. Mama Barasa bado anakaa plot ile, chumba kile, ila bati limekuwa matofali. Macho yanamsumbua, masikio yako sawa. Alinitambua kwa sauti. "Rozi? Ni wewe?" Nikasimama katikati ya chumba nikamwambia, kama nilivyomwambia Saida, sikuacha kitu. Alisikiliza huku akipapasa pindo la kitambaa cha meza. Nilipomaliza akageuza uso upande wa Saida. "Kwa hivyo Krismasi zote hizo ulikuwa unakuja hapa kwa makosa ya mtu mwingine." Saida akasema, "Mama, mimi nilikuwa nakuja kunywa chai." Wakashikana mikono pale kwenye kochi. Hakuna aliyeniambia nikae.

Kisha Mama Barasa akasema, "Wewe, sogea hapa karibu." Nikasogea, nikapiga magoti, nikajua nitapigwa kofi na nikawa tayari. Hakunipiga. Alisema, "Sikiliza, nikuulize kitu kimoja tu. Siku ile uliniambia niangalie kamera, nikaangalia kamera. Barasa alikuwa hapa ubavuni, sikumwona uso. Na treni ikaja hapo hapo. Yale maneno niliyomwambia jioni, uliyasikia, ukuta ulikuwa bati. Wewe ndiye ulikuwa unamwangalia. Ulipobonyeza, alikuwa amenuna, ama alicheka kidogo?"

Nikafumba macho kumtafuta. Naona ukuta wa stesheni, rangi imebambuka kule juu. Naona gauni la kanisani. Naona kando, pale penye nguzo, Saida na chupa ya chai, leso yake ya njano yenye ukingo wa buluu, kamba ya kiatu cha kushoto imefungwa kwa pini, kidole chake cha mwisho kimenyooka anavyomimina, na mkata tiketi anamcheka. Naona hata mvuke wa chai. Ubavuni mwa Mama Barasa sioni mtu. Ningeweza kumwambia alicheka, ni neno moja, na nani angenipinga? Wote wawili walikuwa wananingoja.

"Sikumwangalia, Mama," nikasema. "Nilikuwa namwangalia Saida."